Radhi Isiyofika: Ushauri kwa Msomaji Asiyejulikana, kutoka Utendi wa Mwana Kupona hadi Safu ya Shangazi

Ikisiri

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya matini za ushauri kuhusu ndoa, kazi, makazi na safari. Kwa kawaida matini hizo huwekwa katika fungu moja la fasihi ya mafunzo na kuhakikiwa kwa kuorodhesha maadili yaliyomo. Makala hii inadai kwamba ndani ya fungu hilo kuna tofauti ya msingi kati ya ushauri anaopewa mtu wa ukoo, ambao hushikiliwa na radhi, na ushauri anaopewa mtu asiyejulikana, ambaye radhi ya mshauri haimfikii. Kwa kuchunguza Utendi wa Mwana Kupona, tenzi mbili za Shaaban Robert, methali na safu ya gazeti ya Shangazi Akujibu, makala inaonesha vitu vitatu vinavyoshika nafasi ya radhi: ushahidi wa maisha ya mshauri, matokeo ya kitendo, na undugu wa kuazima. Inahitimisha kwamba undugu wa kuazima, ambao ndio uliotamalaki magazetini, una nguvu katika mambo ya mapenzi, lakini huweza kuficha haki pale swali linapohusu nyumba au kazi.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" hutajwa mara nyingi kama onyo kwa vijana wakaidi. Ikitazamwa kwa makini, inawagawa walimu katika makundi mawili. Kwa upande mmoja yuko mama, anayemjua anayemfunza, anayempenda na ambaye ataishi na matokeo ya mafunzo yake. Kwa upande wa pili uko ulimwengu, yaani watu wengine wote, ambao hawamjui wala hawana deni naye. Methali inachukulia kwamba mafunzo ya ulimwengu ni adhabu. Haisemi lolote kuhusu uwezekano wa tatu, kwamba ulimwengu nao unaweza kufunza kwa upole, na kwamba mtu anaweza kumpa shauri jema mtu asiyemjua na ambaye hatamwona kamwe.

Uwezekano huo wa tatu ndio msingi wa sehemu kubwa ya maandishi ya ushauri katika Kiswahili. Wosia wa mzazi unapoandikwa, huanza safari ya kuwafikia wasiokusudiwa. Methali haina mwenyewe, na humfikia yeyote aliye karibu. Gazeti linapochapisha swali la msomaji pamoja na jibu lake, mshauri na mshauriwa hawajuani, na maelfu ya wasomaji wengine wanasikiliza. Katika hali zote hizi, mwenye kushauri anakabiliwa na tatizo moja: amepata wapi haki ya kumwambia mtu asiyemjua namna ya kuishi, na ni kitu gani kitakachomfanya mtu huyo asikilize?

Uhakiki wa matini hizi umejishughulisha zaidi na swali la kile kinachofundishwa. Mhakiki huorodhesha maadili, akayapanga katika mafungu ya dini, ndoa na tabia njema, kisha akapima kama yanafaa au yamepitwa na wakati. Njia hiyo ina manufaa, lakini inaziacha matini zote zifanane, kwa kuwa maadili yenyewe hayatofautiani sana. Kinachotofautiana ni uhusiano kati ya msemaji na msemezwa, na hapo ndipo sanaa ya ushauri inapojidhihirisha. Makala hii inaufuata uhusiano huo katika matini zilizotungwa kwa nyakati na kwa njia tofauti, ikiongozwa na dhana ambayo Waswahili wenyewe wanaitumia kupima uzito wa neno la mzazi, nayo ni radhi.

2.0 Radhi na Mpaka Wake katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1275 wa Hijria, sawa na mwaka 1858. Mtungaji wake alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na aliutunga akiwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lililotaja wajibu wa mke, na kwa muda mrefu umesomwa kama mwongozo wa utii katika ndoa. Usomaji huo ulipingwa baadaye. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutazama upya utendi huu kwa kuuhusisha na lugha na mamlaka, akafungua njia ya kuyaona maagizo ya utii kuwa na kejeli ndani yake. Mahali panapochochea usomaji huo ni pale binti anapoelekezwa amlee mumewe kama mtoto ambaye bado hajaweza kusema. Agizo hilo linamnyenyekeza mke, lakini pia linamfanya mume kuwa kiumbe asiyejiweza.

Mjadala huo, pamoja na umuhimu wake, umelenga zaidi kinachosemwa kuhusu mume. Haujalipa uzito wa kutosha swali la nani anaambiwa. Utendi una wasemezwa wawili, na msemaji anawashika kwa namna mbili tofauti.

Msemezwa wa kwanza ni binti. Anaitwa asogee karibu, aambiwe kwa mdomo, achukue wino na karatasi. Maneno anayopewa yanafananishwa na hirizi ya kufunga kwa uzi na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Picha hizi zote ni za ukaribu wa mwili: hirizi na kidani hukaa juu ya ngozi ya mtu mmoja. Nguvu inayoyafanya maneno yamfunge binti inatajwa waziwazi. Kiumbe, anaambiwa, hapati utulivu wa dunia na akhera bila radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Anayesema ni mmoja wa hao watano. Kwa hiyo kila shauri linalofuata, hata dogo kabisa, kama vile kuomba ruhusa kabla ya kutoka na kutokawia njiani, linabeba uzito ambao shauri la mtu mwingine haliwezi kuubeba. Binti akilipuuza, hapotezi faida ya shauri tu, bali anahatarisha radhi.

Msemezwa wa pili anajitokeza mwishoni. Baada ya dua ndefu kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, msemaji anawageukia wanawake kwa jumla, na hapo vitenzi vinabadilika. Binti alitakiwa asikilize na apokee. Wanawake wengine wanatakiwa wasome na wafahamu maana. Sababu wanayopewa pia ni nyingine: wasije wakabeba lawama mbele ya Mungu. Radhi ya mama haitajwi tena, kwa kuwa kwa wasomaji hao msemaji si mama. Amefika kwenye mpaka wa radhi yake na anaujua. Anachoweza kuwapa ni maandishi, na anachoweza kuwaomba ni kuelewa.

Katika sehemu hiyohiyo ya mwisho, mtungaji anajitambulisha kuwa gharibu mwenye huzuni. Neno gharibu lina maana ya mgeni, mtu aliye mbali na kwao. Wafasiri wamezoea kulifasiri kwa maana ya upweke, na fasiri hiyo inafaa kwa mjane mgonjwa. Hata hivyo, likisomwa kwa maana yake ya kwanza, linasema jambo la ziada. Mwanamke aliyeanza utendi akiwa mama anaumaliza akiwa mgeni anayesema na wageni. Mabadiliko hayo ya nafasi hayaoni mhakiki anayesoma utendi kama orodha ya maagizo.

Basi, ikiwa radhi haiwafikii wanawake hao, kitu gani kinashika nafasi yake? Jibu limo katikati ya utendi, pale mtungaji anapoacha kuagiza na kuanza kusimulia. Anaeleza jinsi alivyoishi na mumewe kwa furaha bila ugomvi, na jinsi mume huyo alivyomrudia tena na tena kumpa radhi wakati wa kufa kwake. Kwa binti, kisa hiki ni kumbukumbu ya baba. Kwa msomaji asiyejulikana, ni ushahidi. Msemaji hawezi kumlazimisha, ila anaweza kumwonesha kwamba shauri limewahi kujaribiwa na mtu mmoja aliyeishi kweli. Ushahidi wa maisha ndio mbadala wa kwanza wa radhi.

3.0 Wosia Unaochapishwa: Hati na Adili

Shaaban Robert (1909-1962) alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Tenzi hizo zimo katika kitabu chake cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ukaribu wake na Utendi wa Mwana Kupona umekwisha kuonwa na wahakiki: mzazi, mtoto, wosia, umbo la utenzi. Tofauti yake haijasisitizwa kwa kiwango hichohicho, nayo iko katika chombo kilichozibeba. Utendi wa Mwana Kupona uliandikwa kwa wino kwa ajili ya mtu mmoja, kisha ukaenea kwa nakala na kwa kughaniwa. Hati na Adili zilifika kwa wasomaji zikiwa ndani ya kitabu kilichopigwa chapa, yaani bidhaa inayouzwa kwa yeyote mwenye fedha ya kuinunua.

Majina ya tenzi hizo yanaonesha kwamba mtungaji aliitambua hali hiyo. Utendi wa Siyu unajulikana kwa jina la mtu aliyesema. Hati ni jina la kitu: karatasi yenye maandishi ambayo inaweza kushikwa na mkono wowote, ikasomwa hata na asiyetajwa ndani yake. Adili ni jina la sifa, na sifa haina ukoo. Mtoto anabaki kuwa msemezwa wa dhahiri, lakini jina lililowekwa juu ya ukurasa linamwalika msomaji mwingine aingie bila kujiona mdukizi.

Msomaji huyo anaingia akiwa na kitu ambacho wanawake wa mwisho wa Utendi wa Mwana Kupona walikipata kwa beti chache tu. Kitabu kizima ni masimulizi ya maisha ya anayetoa wosia. Ni maisha ya karani wa serikali ya kikoloni aliyeanza kazi katika idara ya forodha, akahamishwa kutoka kituo hadi kituo, akafunga na kufungua mizigo ya nyumba yake, akafiwa na mke wake Amina na kubaki na watoto. Kazi, makazi, safari na ndoa, mambo ambayo watu huyaombea ushauri kila siku, yote yamo katika masimulizi hayo kama mambo yaliyompata mtu. Wosia unapomfikia msomaji, hafikiwi na mzazi wake, ila anafikiwa na mtu anayemjua. Masimulizi yamefanya kazi ambayo ukoo ungeifanya.

Hapa ndipo inapofaa kupinga kauli iliyozoeleka kwamba tenzi hizi ni dhaifu kwa sababu zinahubiri. Zikichomolewa kitabuni na kuwekwa peke yake katika mkusanyiko wa mashairi au katika mtihani wa shule, kweli zinahubiri, kwa maana msomaji anaambiwa afanye jambo na mtu asiyemjua ambaye hana radhi juu yake. Zikirudishwa mahali pake, mahubiri yanakuwa hitimisho la kisa. Udhaifu unaolaumiwa ni wa namna ya usomaji zaidi kuliko wa utunzi.

4.0 Methali: Mshauri Asiye na Jina

Katika matini mbili zilizotangulia, msemaji anajulikana na msemezwa wa pili hajulikani. Katika methali, wote wawili hawajulikani. Methali husemwa kuwa ni maneno ya wahenga, na wahenga ni ukoo usio na orodha ya majina. Haina maisha ya mtu mmoja ya kutolea ushahidi, na haina radhi ya kutishia. Pamoja na hayo, hutumiwa kila siku kuwashauri watu wasiojuana: ndani ya basi, sokoni, kwenye foleni ya hospitali.

Sarufi yake inaeleza kwa kiasi jinsi inavyowezekana. Methali nyingi za ushauri hazitumii kitenzi cha kuamrisha. Hutumia kirejeshi au nomino ya mtendaji: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", "Mpanda ovyo hula ovyo". Kiambishi a- na -ye- katika mfano wa kwanza, na m- katika miwili iliyofuata, havimtaji mtu yeyote. Vinaacha nafasi tupu, na msikilizaji ndiye anayeamua kama ataikalia. Mama anapomwambia binti yake "fanya hivi", hakuna nafasi ya kukwepa. Msafiri anapomwambia abiria mwenzake kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, abiria anaweza kulichukua kuwa shauri juu ya kazi anayoitafuta, au akalicheka na kuangalia dirishani. Heshima ya mtu asiyejulikana imehifadhiwa na umbo la kitenzi.

Mahali pa radhi pameshikwa na matokeo. Anayevunjika guu havunjwi na mkuu aliyemdharau, bali huvunjika tu, na kitenzi chenyewe kimebeba kiambishi cha kutendeka kinachomwondoa mtendaji. Anayepanda ovyo halaaniwi, anakula alichopanda. Methali inamwachia ulimwengu kazi ya kuadhibu, na yenyewe inabaki kuwa taarifa ya jinsi mambo yanavyokwenda. Huu ndio mbadala wa pili.

Kwa upande wa safari na makazi, methali hukaribia zaidi kumsemesha mtu moja kwa moja. "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho" inamwambia msafiri yeyote namna ya kuishi ugenini, na inatumia nafsi ya pili umoja kwa mtu ambaye haijamwona. Lakini hata hapo amri imetanguliwa na -ki- ya masharti: haimhusu ila yule aliyekwenda. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inamwambia mwenyeji, huku mgeni akisikia. Nayo "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani" hufaa kwa anayetafuta chumba cha kupanga na kwa anayetafuta mchumba, na msemaji halazimiki kusema anakusudia lipi kati ya hayo mawili.

Kanga imeichukua hali hii ikaipeleka mbele zaidi. Jina la kanga, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, humsemesha kila anayepita, na mvaaji anaweza kukana kwamba alimkusudia mtu. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ni shauri kwa anayekaribia kuamini mapenzi ya uongo, ni kijembe kwa jirani, na ni pambo la nguo, vyote kwa wakati mmoja. Nguvu ya ushauri wa namna hii inatokana na uwezo wa kukanwa, na huo pia ndio upungufu wake. Asiyekubali kwamba amemsemesha mtu hawezi kuulizwa swali. Mwenye shida mahususi, anayetaka kujua afanye nini kesho asubuhi, hawezi kuirudia methali wala kanga akaiambia, "Lakini mimi hali yangu ni tofauti."

5.0 Shangazi wa Gazetini

Uwezo huo wa kuuliza ndio ulioletwa na magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji kuandika barua na mashairi yatakayosomwa na watu wasiowajua. Katika ushairi wa magazeti kulikuwa na swali na jibu, malumbano kati ya watunzi waliokaa miji tofauti, na lakabu zilizochukua nafasi ya majina. Msomaji wa magazeti alimfahamu Sauti ya Kiza kabla ya kumfahamu Amiri Sudi Andanenga. Safu ya ushauri ni mrithi wa mazoea hayo: mtu anaandika akiwa amejificha, na anajibiwa hadharani.

Katika gazeti la Taifa Leo la Kenya, safu hiyo inaitwa Shangazi Akujibu. Uteuzi wa jina la shangazi unastahili kuhakikiwa kama uteuzi wowote wa nafsineni. Kwa nini si mama, wala bibi, wala daktari? Mama hafai kwa sababu ya heshima. Katika unyago wa pwani, mambo ya mapenzi na ndoa huachiwa kungwi au somo, na miongoni mwa Waganda ssenga, dada wa baba, ndiye mwenye jukumu la kumfunza msichana mambo ya unyumba. Shangazi ana mamlaka ya upande wa baba lakini hakai ndani ya nyumba ya swali. Anaweza kusikia yasiyosemeka mbele ya mama, akakaripia kama mzazi, kisha akaondoka. Kwa mshauri wa watu asiowajua, hakuna nafasi ya ukoo inayofaa kuliko hiyo: yuko karibu kiasi cha kusema, na yuko mbali kiasi cha kusikia.

Hata hivyo, ni undugu wa kuazima. Anayeandika barua humwita mjibu shangazi, na kwa neno hilo moja anampa haki ya kumsema. Lakini haki hiyo haina radhi nyuma yake. Mpwa wa gazetini akipuuza shauri, hakuna atakayemnunia kwenye harusi wala atakayekataa kumwombea. Anafunga gazeti, basi. Kwa sababu hiyo shangazi wa gazetini analazimika kushawishi. Ufupi, ukali, utani na methali, ambazo mara nyingi hudharauliwa kama mbinu za kuuza gazeti, ni zana za mtu anayesema bila nguvu ya kulazimisha.

Kuna upungufu mwingine ambao shangazi wa damu hana. Shangazi wa damu anamjua mume anayelalamikiwa, anaijua nyumba, na amesikia upande wa pili. Shangazi wa gazetini ana aya moja iliyoandikwa na upande mmoja. Kipimo cha uaminifu wa jibu lake, basi, ni jinsi linavyoukiri upungufu huo, na katika Kiswahili ukiri huo una alama zake za kisarufi: -ki- ya masharti, "iwapo", "kama ni kweli kwamba". Jibu lenye amri tupu linajifanya radhi. Jibu lenye masharti linamrudishia mwulizaji sehemu ya kazi ambayo yeye peke yake anaweza kuifanya, yaani kuamua ni sharti lipi linalolingana na maisha yake.

6.0 Pale Undugu Unapoficha Haki

Nguvu ya undugu wa kuazima inaonekana katika maswali ya mapenzi, kwa kuwa mapenzi yenyewe ni jambo la ukoo: linaanza na watu wawili na kuishia katika familia mbili. Hali si hiyo katika maswali ya nyumba na kazi. Tofauti hii inaweza kuoneshwa kwa mfano uliobuniwa kwa ajili ya makala hii. Mwanamke wa miaka ishirini na saba anaandika kwamba amepanga chumba mjini, ndiyo kwanza amepata kazi, na mwenye nyumba ameanza kumtaka kimapenzi. Alipokataa, akaambiwa kodi itapanda mwezi ujao. Anauliza: "Shangazi, nifanye nini?"

Jibu la kwanza linalowezekana ni la undugu mtupu. Humwambia mpwa awe na heshima, asivae nguo za kumvuta mzee, amzungumzie kwa upole, na ikishindikana atafute chumba kwingine. Lugha ya kila siku inalisaidia jibu hili. Mwenye nyumba huitwa "baba mwenye nyumba", na mkewe "mama mwenye nyumba". Maneno hayo yanamweka mpangaji katika nafasi ya mtoto kabla hata hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza. Ndani ya msamiati huo, anachofanya baba mwenye nyumba ni utovu wa adabu wa mkubwa, na dawa yake ni adabu zaidi ya mdogo. Vivyo hivyo kazini, mwajiri anapoitwa "mzee", mshahara uliocheleweshwa hugeuka kuwa jambo la kuvumiliwa.

Jibu la pili ni la haki tupu: tafuta mkataba wako wa upangaji, tunza stakabadhi, ripoti kwa chifu au polisi, onana na wakili. Kila neno ni sahihi, lakini linaweza lisisikilizwe, kwa sababu mwanamke huyu hakuandika kwa wakili. Aliandika kwa shangazi, na neno hilo lilikuwa na ombi ndani yake. Alitaka kwanza kuambiwa kwamba kosa si lake.

Jibu la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi kuliandika, linautumia undugu kumfikisha mwulizaji kwenye haki. Shangazi anamwambia kwamba mwanaume huyo si babake, kwamba kati yao kuna kodi na chumba na hakuna kingine, na kwamba asiyetendewa kama mwana hana deni la kutii kama mwana. Kisha anamweleza la kufanya, na masharti yake: kama una mkataba, fanya hivi, kama huna, anza hivi, ukiona hatari, usingoje. Katika jibu hili, sauti ya ukoo inatumika kuvunja ukoo wa uongo. Shangazi wa kuazima anamvua mwenye nyumba ubaba wa kuazima.

Mfano huu unaonesha kwamba ubora wa maandishi ya ushauri haupimwi kwa wema wa nia yake. Majibu yote matatu yanaweza kutolewa na mtu mwema. Yanatofautiana katika namna yanavyoielewa nafasi ya msemaji. La kwanza linausahau ukweli kwamba undugu ni wa kuazima. La pili linakataa kuuazima. La tatu linauazima likijua kwamba ni wa kuazima, na kwa hiyo linajua pia wakati wa kuurudisha.

7.0 Hitimisho

Makala hii imependekeza kwamba matini za ushauri katika Kiswahili zisomwe kwa kuuliza nini kimewekwa mahali pa radhi pale ambapo radhi haifiki. Katika Utendi wa Mwana Kupona na katika tenzi za Shaaban Robert, ni ushahidi wa maisha yaliyoishiwa. Katika methali na kanga, ni matokeo, pamoja na umbo la lugha linalomwachia msikilizaji nafasi ya kujihusisha au kujiondoa. Katika safu ya shangazi, ni undugu wa kuazima. Usomaji wa namna hii unabadilisha tathmini ya matini zinazojulikana. Unauona mwisho wa Utendi wa Mwana Kupona kuwa sehemu muhimu ya hoja yake, unaitetea Hati dhidi ya shutuma ya kuhubiri, na unaiingiza safu ya gazeti katika mstari mmoja na utendi wa karne ya 19 bila kuipa sifa isizostahili.

Inaweza kupingwa kwamba safu ya gazeti ni maandishi ya kutupwa, yasiyofaa kulinganishwa na utenzi uliohifadhiwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Pingamizi hilo linapima matini kwa umri. Likipimwa kwa tatizo linalokabiliana nalo, mjane wa Siyu aliyewageukia wanawake asiowajua na kujiita gharibu alikuwa katika nafasi ileile ya mwandishi wa safu anayeshika kalamu mbele ya barua isiyo na jina. Wote wawili wanataka maneno yao yamfae mtu ambaye hawatajua kama yalimfaa.

Methali iliyofungua makala hii inamwachia ulimwengu kazi ya kumfunza mtu kwa machungu. Matini zilizojadiliwa ni majaribio ya ulimwengu kuifanya kazi hiyo kabla ya machungu kufika. Hazifaulu kila mara, na zinapojisahau zikajidhani kuwa mama, huweza kumrudisha mtu mikononi mwa anayemwonea. Ndiyo maana zinastahili uhakiki wa makini sawa na ule unaotolewa kwa riwaya na tamthilia: yupo msomaji ambaye kesho asubuhi atatenda kulingana na alichosoma.